Nyuzinyuzi, mtindi au vidonge vya bakteria: tumbo likivurugika na akili ikichoka, uanze na kipi?

Kiswahili hakijawahi kujenga ukuta kati ya tumbo na akili. Timu ikibakiza mechi moja kujinusuru kushuka daraja, gazeti huandika kwamba mashabiki wake wako "tumbo joto", na hakuna msomaji anayeuliza tumbo linahusikaje na msimamo wa ligi. Anayesubiri majibu ya vipimo naye ni tumbo joto. Sayansi ilichelewa kufika hapo, na ilipofika ikakuta wafanyabiashara wameshapanga vichupa kwenye rafu.

Aliyenifanya niandike haya ni mama mdogo. Alikuwa amemaliza antibiotiki za jino. Tumbo linanguruma, choo leo maji kesho jiwe, usingizi wa mang'amung'amu, na kila mtu nyumbani anamkera. Mkononi alikuwa na kichupa cha vidonge vya bakteria, vile viitwavyo probiotiki.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba, mwanangu. Hebu niambie wewe unayesomasoma: nimeze hivi, nile mtindi, au nirudi tu kwenye maharage yangu?"

Bila kujua, alikuwa ametaja njia zote tatu ambazo watu hubishania: nyuzinyuzi, vyakula vilivyochachushwa, na vidonge. Nitaziweka bega kwa bega, ila sitajifanya refa asiye na timu. Kwa maoni yangu, anza kwa kuwalisha bakteria wenyeji ambao tayari wamo tumboni. Halafu karibisha wageni kupitia chakula. Kidonge kiwe cha mwisho, na kimezwe kwa tatizo lenye jina.

Wenyeji wenyewe ni nani

Kwa miaka mingi tuliambiwa kwamba kwa kila seli moja ya binadamu kuna bakteria kumi. Mwaka 2016 Ron Sender, Shai Fuchs na Ron Milo walikaa wakapiga hesabu upya: bakteria kama trilioni 38 dhidi ya seli zetu trilioni 30, na uzito wao wote ni kama gramu 200. Tunakaribiana kwa idadi. Karibu wote wanaishi utumbo mpana, na huko wanakula mabaki, yaani kile ambacho utumbo mwembamba umeshindwa kukimeng'enya. Sehemu kubwa ya mabaki hayo ni nyuzinyuzi.

Wakizila, wanatoa asidi fupi za mafuta: asetati, propionati na butireti. Hiyo ya tatu ndiyo chakula kikuu cha seli zinazotandaza ukuta wa utumbo mpana. Kwa hiyo ukila maharage, unalisha bakteria, nao wanalisha ukuta unaozuia uchafu wa tumboni usivuje kuingia damuni. Usipowalisha hawakai kungoja. Panya walionyimwa nyuzinyuzi maabara walionekana bakteria wao wakigeukia ute unaolinda ukuta huo na kuanza kuutafuna.

Habari za tumboni hufika kichwani kwa njia kadhaa. Kuna kinga ya mwili, kuna homoni, na kuna neva ya vegasi inayotoka shina la ubongo hadi tumboni. Watu hudhani neva hiyo ipo ili ubongo uliamrishe tumbo. Nyuzi zake nyingi, kama asilimia 80, zinapeleka ujumbe kutoka chini kwenda juu. Mwaka 2004 Nobuyuki Sudo na wenzake huko Japani walionyesha kwamba panya waliokuzwa bila kijidudu chochote hupandwa na homoni za msongo kupita kiasi wanapobanwa. Walipopewa bakteria wa aina moja, Bifidobacterium infantis, hali ile ilirudi kawaida.

Hapa niseme jambo moja kuhusu matangazo. Utasikia kwamba zaidi ya asilimia 90 ya serotonini, "homoni ya furaha", hutengenezwa tumboni, kwa hiyo nunua hiki ufurahi. Nusu ya kwanza ni kweli. Lakini serotonini ya tumboni haivuki kizuizi kilichopo kati ya damu na ubongo. Kazi yake kubwa huko chini ni kusukuma chakula kiende mbele. Ubongo hujitengenezea serotonini yake.

Nyuzinyuzi na mtindi wakipambanishwa

Pambano hili limewahi kuchezwa uwanjani, na matokeo yake yaliwashangaza hata walioliandaa. Mwaka 2021 kundi la Justin Sonnenburg na Christopher Gardner wa Chuo Kikuu cha Stanford lilichapisha jaribio la watu wazima 36 wenye afya. Nusu waliongeza nyuzinyuzi, kutoka takriban gramu 22 kwa siku hadi 45 hivi. Nusu waliongeza vyakula vilivyochachushwa, kama mtindi, kefiri (maziwa yaliyochachushwa) na mboga za kuchachusha, hadi kufikia milo midogo kama sita kwa siku. Waliendelea hivyo wiki 10.

Waliokula vilivyochachushwa ndio waliotoka na bakteria wa aina nyingi zaidi tumboni, na protini 19 za damuni zinazoashiria mwako wa kinga zilipungua. Kwa walioongeza nyuzinyuzi, aina za bakteria hazikuongezeka kwa ujumla wao, na kinga ya kila mmoja iliitikia kivyake. Ambao tangu mwanzo walikuwa na wenyeji wa aina nyingi ndio waliopata nafuu.

Ukiishia hapo utasema mtindi umeshinda, kwa nini basi mimi niko upande wa maharage? Nina sababu mbili. Ya kwanza, sehemu kubwa ya zile aina mpya za bakteria haikutoka ndani ya vyakula vyenyewe. Inaelekea mtindi ulisafisha mazingira, wenyeji waliokuwa wachache wakapata nafasi ya kuonekana. Wageni hawakuhamia. Ya pili, wiki 10 si muda wa kujenga upya mji ulioporomoka kwa miaka. Sonnenburg huyohuyo, na wenzake, mwaka 2016 walionyesha kwamba panya wasiokula nyuzinyuzi kizazi baada ya kizazi hupoteza aina nyingi za bakteria, na kuwarudishia nyuzinyuzi peke yake hakuzirudishi. Aliyekwisha kufa hafufuki kwa kupikiwa. Hapo mtindi una maana: mchanganye na nyuzinyuzi, na usisubiri mpaka wenyeji waishe.

Halafu kuna ushahidi ambao mtindi hauna. Nyuzinyuzi zimefuatiliwa kwa miongo mingi, kwa watu wengi mno, na wanaozila kwa wingi huugua moyo, kisukari cha aina ya pili na saratani ya utumbo mpana kwa uchache. Ndiyo maana mwongozo wa Shirika la Afya Duniani wa 2023 unawataka watu wazima wale angalau gramu 25 kwa siku, zitokane na chakula chenyewe. Kikombe cha maharage yaliyochemshwa kina kama gramu 13 hadi 15. Tufaha moja na ganda lake, gramu 4 hivi. Si mlima.

Mtindi nao una sifa zake ambazo maharage hayana. Anayevurugwa na maziwa ya kawaida kwa sababu ya laktosi, sukari ya maziwa, mara nyingi huuvumilia, kwa kuwa bakteria hai waliomo humsaidia kuimeng'enya. Na hauna vita. Wiki ya kwanza ya maharage ina vita.

Ila hakikisha ni mtindi hai. Kuna unaopashwa moto baada ya kuganda ili ukae muda mrefu, na bakteria wake wameshakufa. Soma kama kopo linataja bakteria hai, kisha tazama sukari: mingine ina sukari kama kitindamlo, jina tu ndilo la afya. Mkate wa chachu ya asili nao haumo kwenye orodha ya wageni, kwani jiko limeshawamaliza. Mboga za siki si lazima ziwe zimechachushwa. Zikilowekwa tu kwenye siki hazina bakteria wa kukuletea, na zile zilizochachushwa kwa chumvi ni za kupimia iwapo una shinikizo la damu.

Wazo la maziwa ya kugandisha kama dawa si la jana. Élie Metchnikoff, aliyepata Tuzo ya Nobel mwaka 1908 kwa kazi yake ya kinga ya mwili, alikuwa akihubiri kwamba bakteria wa maziwa hayo wanarefusha maisha, na mwenyewe akayanywa kila siku. Alifariki 1916, akiwa na miaka 71.

Kichupa cha mama mdogo

Nilimwomba anisomee maandishi. Mbele, kwa herufi kubwa: "bilioni 50". Nyuma, orodha ya majina 12 ya bakteria. Nikamwambia ageuze chini kabisa, avae miwani. Pale palikuwa na mambo matatu.

La kwanza, zile bilioni 50 zilihesabiwa "wakati wa kutengenezwa". Bakteria ni viumbe na hufa njiani, ghalani, dukani. Kichupa makini huahidi idadi hadi tarehe ya mwisho wa matumizi. La pili, majina yaliishia kwenye jenasi na spishi, mfano Lactobacillus rhamnosus, bila herufi au namba za mwisho zinazotaja aina mahususi. Ni sawa na kuambiwa fundi wako ni "Juma": yupi? Utafiti hufanywa kwa Juma mmoja mwenye anwani, kama Lactobacillus rhamnosus GG, na matokeo yake hayamhusu Juma mwingine. La tatu, kiliandikwa kitunzwe mahali pakavu penye ubaridi.

"Umekiweka wapi, mama?"

Kimya kidogo. "Juu ya kabati la jiko."

Ahadi ya vichupa hivi ni ile ya methali, mgeni njoo mwenyeji apone. Tatizo ni kwamba kwa watu wengi mgeni mwenyewe hakai. Ukiacha kumeza, baada ya siku au wiki chache humkuti tena kwenye choo. Si ubaya, maana mgeni wa siku mbili anaweza kukusaidia kazi. Ila usimwite mkazi.

Antibiotiki ndiyo hali inayowapeleka wengi dukani, na hapo maswali mawili tofauti huchanganywa. Swali la kwanza: je, probiotiki huzuia kuharisha wakati unameza antibiotiki? Baadhi ndiyo. Lactobacillus rhamnosus GG na hamira iitwayo Saccharomyces boulardii zina ushahidi mzuri, na hiyo hamira, kwa kuwa si bakteria, haiuliwi na antibiotiki. Swali la pili: je, huwarudisha wenyeji haraka baada ya dozi kuisha? Hapa Eran Elinav na Eran Segal wa Taasisi ya Weizmann, Israeli, walipata jibu la kinyume mwaka 2018. Baada ya wiki ya antibiotiki, waliorudishiwa bakteria wao wenyewe waliohifadhiwa kabla walipona ndani ya siku chache. Walioachwa hivihivi, wiki chache. Waliopewa probiotiki ya bakteria 11 walichelewa, na miezi 5 baadaye wenyeji walikuwa bado hawajarejea kikamilifu. Wageni walikalia viti, wenyeji wakarudi wakakuta pamejaa.

Kundi lile lilikuwa dogo na kichupa kilikuwa cha aina moja, kwa hiyo sisemi probiotiki zote hufanya hivyo. Nasema hoja ya "haina madhara, meza tu" imeyumba. Mwaka 2020 chama cha madaktari bingwa wa mfumo wa chakula cha Marekani kilipitia ushahidi wote, kikakataa kuzipendekeza kwa magonjwa mengi ya utumbo, ukiwemo utumbo nyeti (IBS), isipokuwa ndani ya utafiti. Hali chache zilibaki, mojawapo ni kuzuia maambukizi ya Clostridioides difficile, bakteria anayeleta kuharisha kukali, kwa anayetumia antibiotiki. Kwa wenye kinga dhaifu na watoto waliozaliwa kabla ya wakati, bakteria hai wanaweza kuingia damuni. Huko hakuna kujaribu bila daktari.

Na kichwa, je?

Hapa ndipo kidonge huuzwa kwa sauti kubwa kuliko ushahidi wake. Majaribio ya probiotiki kwa sonona yapo, lakini mengi ni madogo, kila moja lina bakteria wake na dozi yake, na mara nyingi mgonjwa alikuwa pia kwenye dawa za kawaida. Ukiulizwa Juma yupi anatibu huzuni, huna wa kumtaja.

Chakula kizima kina jaribio linaloeleweka zaidi. Mwaka 2017 Felice Jacka na wenzake wa Australia waliwachukua watu 67 wenye sonona ya kati hadi kali. Baadhi walikutana na mtaalamu wa lishe na kuhamia kwenye mboga, matunda, nafaka zisizokobolewa, jamii ya kunde, karanga, samaki na mafuta ya zeituni. Wengine walipewa mtu wa kuongea nao. Baada ya wiki 12, asilimia 32 ya kundi la chakula walikuwa wametoka kwenye sonona, dhidi ya asilimia 8 ya kundi la mazungumzo. Walijua wamo kundi gani, na hilo hupandisha matumaini. Tena jaribio halikuthibitisha kwamba kazi ilifanywa na bakteria. Hata hivyo angalia sahani ile: imejaa nyuzinyuzi. Na wengi wao waliendelea na tiba waliyokuwa nayo, hakuna aliyeambiwa atupe dawa ale kunde.

Barabara hii ina pande mbili, na ule wa kushuka ulionekana zamani zaidi. Mwaka 1822 Alexis St. Martin, kijana wa biashara ya ngozi huko Amerika Kaskazini, alipigwa risasi, akapona akiwa na tundu tumboni lisiloziba. Daktari wake, William Beaumont, alikuwa akifunga kipande cha nyama kwenye uzi, anakitumbukiza tunduni, anakitoa kutazama kimefikia wapi. Aliandika kwamba St. Martin akikasirika, umeng'enyaji unavurugika. Kwa hiyo kama usingizi wako ni wa saa nne tu na bosi anakupigia usiku wa manane, maharage yatafanya kazi, lakini yatapanda mlima.

Gesi, na mengine ambayo vibandiko havisemi

Wanaoshindwa na nyuzinyuzi hushindwa wiki ya kwanza, kwa pupa. Mtu anatoka gramu 10 anaruka hadi 40 kwa siku moja, tumbo linajaa kama ngoma, anaapa kwamba vyakula hivi si vyake. Gesi ile ni wenyeji wanafanya kazi, ila wamepewa kazi ya mwezi ndani ya asubuhi moja. Ongeza kijiko kwa kijiko, wiki tatu au nne. Loweka maharage usiku kucha, mwaga maji, pikia maji mapya. Kunywa maji ya kutosha, maana nyuzinyuzi bila maji ni saruji. Changanya vyanzo: kunde leo, shayiri kesho, mboga za majani, viazi vilivyopikwa vikapoa, kwani wanga wake ukipoa sehemu yake hugeuka kuwa chakula cha bakteria.

Mwenye utumbo nyeti, anayevimba kwa kitunguu na kuharisha kwa dengu, asilazimishe. Chuo Kikuu cha Monash, Melbourne, kilitengeneza utaratibu wa kupunguza kwa muda vyakula vinavyochachuka haraka, kwa kawaida wiki 2 hadi 6, kisha kuvirudisha kimoja kimoja ili mkosaji ajulikane. Wengi hukwama hatua ya kwanza na kujinyima mwaka mzima, wakiwaua wenyeji kwa njaa. Wakati huo ispaghula, ule unga wa maganda ya mbegu, husaidia kwa sababu hauchachuki sana. Inafaa pia kwa choo kigumu.

Nikiulizwa moja kwa moja: choo kigumu na uchovu usio na ugonjwa nyuma yake, nyuzinyuzi. Tumbo linalokataa maziwa, au sahani ambayo imeshajaa mboga na unataka kuongeza kitu, mtindi hai. Antibiotiki zinazoanza leo na historia ya kuharisha, kidonge chenye jina kamili, kwa siku za dozi na kidogo baada yake, kisha basi. Damu kwenye choo, kupungua uzito bila kutaka, maumivu yanayokuamsha usingizini, upungufu wa damu, au choo kilichobadilika ghafla ukiwa umevuka miaka 50: weka vyote vitatu kando, nenda kapimwe. Huzuni inayofika kwenye kutotaka kuishi nayo haisubiri mtindi.

Mama mdogo alichagua maharage, kikombe cha mtindi jioni, na kulala saa tatu usiku bila simu. Wiki ya kwanza alinilalamikia gesi, ya pili akalalamika kidogo, ya tatu alinipigia kuongea mambo ya harusi ya binamu na tumbo halikutajwa. Huenda ni maharage, huenda ni siku tu zimepita baada ya antibiotiki. Nilipomtembelea nilikikuta kile kichupa palepale juu ya kabati la jiko. Amemwaga vidonge, ameweka pilipili manga.